Mkimbizi au Mkimbiaji? Unajiona Nani Machoni Pako?

Masomo: Hesabu 13:25-33, Yoshua 2:8-11, 1 Wakorintho 9:24-27, Waebrania 12:1-2

Wandugu na dada wapendwa, ninawasalimu ninyi mnaotusikiliza kwa redio, na ninyi mnaosoma karatasi hii nyumbani, dukani, ao kwenye kibaraza mkingoja mvua ipite. Ninawasalimu wa Butembo na wa Beni, wa Oicha, wa Mutwanga, wa Lubero na wa Kyondo. Ninawasalimu kwa namna ya pekee wale ambao usiku huu mtalala mahali ambapo si kwenu.

Leo nitasema juu ya michezo. Najua kuna baba mmoja ameshaanza kunung'unika: "Pasta naye ameanza kuhubiri mpira." Baba, nivumilie kidogo. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya watu wanaoshindana mbio na watu wanaopigana ngumi. Hakukosa maneno mengine. Karibu na Korintho, kila baada ya miaka 2, kulikuwa mashindano makubwa, na mshindi alivikwa taji la majani. Watu wa Korintho walijua uwanja kama sisi tunavyojua soko. Paulo alichukua kitu walichokiona kwa macho ili wafahamu kitu wasichokiona.

Somo hili lilizaliwa na ulizo la vijana. Baada ya mashindano ya makanisa ya kartie, kijana mmoja alinifuata akaniuliza: "Pasta, mbona mazoezini tunacheza vizuri, lakini siku ya mechi miguu inakuwa mizito? Ni miguu ile ile." Nilimjibu haraka haraka, kama wachungaji tunavyofanya wakati mwingine, nikamwambia aombe zaidi. Nilipofika nyumbani jibu langu lilinisumbua. Maana kijana aliomba. Nilimwona akiomba. Ulizo lake lilikuwa lingine: nguvu ambayo Mungu amekwisha kunipa, inaenda wapi siku ninapoihitaji?

1. Wapelelezi 12, nchi moja

Tufungue Hesabu sura ya 13. Musa alituma watu 12 kupeleleza Kanaani. Walitembea siku 40. Waliona nchi moja, miji ile ile, watu wale wale warefu. Walirudi na kichala cha zabibu kilichobebwa na watu wawili kwa mti. Mpaka hapo hakuna ugomvi. Kalebu na Yoshua hawakusema kwamba wale watu warefu hawako. Hawakusema kwamba kuta ni fupi. Imani si kukana kitu ambacho macho yameona.

Tofauti ilianza pale wale 10 walipoacha kusema juu ya nchi na kuanza kusema juu ya nafsi zao. Walisema walijiona kama panzi, na ya kwamba wale warefu pia waliwaona hivyo hivyo. Angalieni mpango wa maneno yao. Walianza kujiona panzi wao wenyewe. Kisha wakaweka mawazo yao ndani ya macho ya adui. Niulize: nani aliwaambia? Mpelelezi hutembea kwa kujificha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemsimamisha mtu mrefu njiani akamuuliza: "Bwana, unanionaje?"

Sasa nendeni mbele mpaka Yoshua sura ya 2. Rahabu, mwanamke wa Yeriko, anawaambia wapelelezi wengine wawili siri ya mji: wenyeji wa nchi walikwisha kuyeyuka mioyo tangu waliposikia habari ya Bahari ya Shamu. Wandugu, fahamuni jambo hili! Israeli walizunguka jangwani miaka 40 kwa kuwaogopa watu ambao walikuwa wanawaogopa wao. Watu walikufa huko jangwani, si kwa upanga wa watu warefu, bali kwa sababu ya picha waliyobeba ndani yao.

2. Miguu ile ile, moyo mwingine

Tuje nyumbani kwetu, Kongo. Wazee wanakumbuka mwaka 1974, wakati nchi yetu iliitwa Zaire. Mwezi wa Machi mwaka ule, huko Cairo, Léopards walichukua Kombe la Afrika kwa mara ya pili. Ndaye Mulamba peke yake alifunga mabao 9.

Miezi mitatu baadaye walikwenda Ujerumani ya Magharibi kwa Kombe la Dunia. Walikuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika kule. Mechi ya kwanza Scotland iliwafunga 2 kwa 0, na walicheza kama wanaume. Lakini kabla ya mechi ya pili habari iliwafikia kwamba malipo waliyoahidiwa hayatawafikia. Wengine walitaka hata kukataa kuingia uwanjani. Tarehe 18 Juni waliingia, lakini mioyo ilibaki kule hoteli. Yugoslavia ikawafunga 9 kwa 0.

Yugoslavia ilikuwa ekipe yenye nguvu, sikatai. Lakini bingwa wa Afrika wa mwezi wa Machi hasahau mpira mwezi wa Juni. Miguu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kile walichoambiwa juu ya thamani yao. Waliposikia kwamba jasho lao limeliwa na wakubwa, walijiona kuwa si kitu.

Kisha hofu ikaongezwa juu ya uchungu. Wachezaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba watu wa Mobutu waliwatisha: mkifungwa na Brazil zaidi ya mabao 3, mtaona. Katika mechi ile Brazil walipata mpira wa adhabu karibu na goli. Kabla hawajaupiga, Mwepu Ilunga alitoka kwenye ukuta akakimbia akaupiga mpira mbali. Dunia yote ilicheka. Walisema Waafrika hawajui sheria za mpira. Lakini Mwepu alieleza kwamba sheria aliijua sana. Fikirini kwanza mtu aliyekuwa amebeba tisho la namna ile ndani ya kifua chake. Mechi iliisha 3 kwa 0.

Ninyi wazazi, ninyi walimu, na sisi wachungaji, tujifunze hapo. Mtoto akishindwa kwenye mtihani ao kwenye kiwanja, usianze kucheka. Uliza kwanza: aliambiwa nini kabla hajaingia? Nani alimwahidi kitu akavunja neno? Nani alimwambia nyumbani asubuhi kwamba yeye ni bure, kama mjomba wake? Maneno yale yanaingia uwanjani pamoja naye.

3. Yai la kiwanjani, na kosa langu

Hofu haikai kichwani tu. Inashuka mwilini. Mtu akiogopa, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, mikono inatoa jasho, macho yanaona kitu kimoja tu na kuacha vingine. Mwili unajitayarisha kutoroka hatari, si kufanya kazi ya utulivu.

Kuna mwalimu mmoja wa chuo huko Norway, Geir Jordet, aliyechunguza penalti za mashindano makubwa. Alilinganisha wapigaji wa namna mbili. Wa kwanza, akifunga ekipe yake inashinda palepale. Wa pili, akikosa ekipe yake inashindwa palepale. Wa kwanza walifunga karibu mara 9 kati ya 10. Wa pili walifunga karibu mara 6 kati ya 10. Mita ni 11 kwa wote. Mpira ni ule ule, goli ni lile lile. Mmoja anaona furaha mbele yake, mwingine anaona aibu nyuma yake.

Sasa niwaambie kosa langu, maana ni vibaya mchungaji kuhubiri makosa ya wengine tu. Miaka kadhaa iliyopita vijana wa kanisa letu walifika finali ya mashindano ya kartie. Asubuhi ile walikuta yai limezikwa karibu na mlingoti wa goli, limefungwa uzi mwekundu na manyoya ya kuku. Ninyi mnaopenda mpira mnajua maana yake. Ni dawa, ni fetishi ya kufunga goli. Kipa wetu alikuwa kijana wa miaka 17. Aliliona akarudi nyuma hatua tatu.

Mimi nilifanya nini? Niliwakusanya vijana, nikaomba kwa sauti kubwa karibu saa nzima. Nilipaka mafuta milingoti yote miwili. Nilikemea, nilifunga, nilifungua, mpaka shati likalowa. Nilifikiri ninafanya kazi ya Mungu. Mechi ilipoanza, kipa alikuwa anatazama udongo wa pale kwenye mlingoti, hatazami mpira. Nusu ya kwanza tulifungwa mabao 2. La pili lilipita karibu na mkono wake na hakuruka.

Wakati wa mapumziko, mama mmoja mzee wa kundi la maombezi alivuka kiwanja na kitenge chake. Hakuuliza mtu. Alikwenda pale kwenye mlingoti, akalichimbua yai kwa kidole, akalivunja juu ya jiwe. Likanuka. Akawageukia vijana akasema: "Wanangu, ni yai bovu. Kazi yenu ni kucheza mpira." Akafuta mkono wake kwa majani, akarudi kuketi.

Nusu ya pili hatukufungwa tena. Tulifunga bao 1. Tulishindwa 2 kwa 1, sitaki kuwadanganya kwamba tulichukua kombe. Lakini jioni yule kipa alikuja kwangu akasema neno ambalo sijalisahau: "Pasta, nilipoona umeomba muda mrefu vile, na kwa sauti ile, ndipo nilijua yai lile lina nguvu kweli."

Wandugu, neno lile lilinichoma. Mimi ninaamini kwamba nguvu za giza ziko. Siwacheki wanaoziogopa, na sitaacha kuomba. Lakini siku ile maombi yangu yalimhubiri shetani kuliko Yesu. Nilimfanya adui kuwa mkubwa machoni pa watoto. Yule mama aliamini kama mimi, hata kunipita, lakini imani yake ilipunguza yai, na yangu ililikuza. Fetishi nyingi hufanya kazi namna hiyo: mtu anazika yai asubuhi, na sisi wenyewe tunalibeba kichwani mpaka jioni. Kazi anayoitaka mchawi, hofu yetu inamfanyia bila malipo.

Linganisheni na yale tuliyoona kwenye televisheni tarehe 28 Januari 2024, huko San-Pédro katika Côte d'Ivoire. Léopards walicheza na Misri, ekipe iliyochukua Kombe la Afrika mara 7. Sisi tulikuwa tumetoka sare mechi zote tatu za kundi. Mechi ile pia ikaisha 1 kwa 1. Zikaja penalti, zikaenda, zikaenda, mpaka ikafika zamu ya makipa. Kipa wa Misri akagonga mwamba. Kisha akaja kipa wetu, Lionel Mpasi. Alikuwa na sababu zote za kuogopa. Kazi yake ni kuzuia mipira, si kufunga. Aliweka mpira chini, akapiga, akafunga. Ikawa 8 kwa 7. Wengi wenu mliamsha majirani usiku ule, msikatae! Hakupewa mguu mpya usiku ule. Alitumia mguu aliokuwa nao.

4. Lakini mawazo bila mazoezi ni ndoto

Hapa niwaonye vijana, maana nimesikia mahubiri fulani siku hizi. Yanasema: jione bingwa, jitangaze bingwa, na umekwisha kuwa bingwa. Kijana anatangaza ushindi siku ya Jumapili, na Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, wakati wenzake wanakimbia, yeye amelala. Hiyo si imani. Paulo anasema aliutesa mwili wake na kuutumikisha. Kwanza mazoezi, kisha taji.

Mnamjua Eliud Kipchoge, jirani yetu wa Kenya. Tarehe 12 Oktoba 2019, huko Vienna, alikimbia kilomita 42 na mita 195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kabla yake hakuna mtu aliyekuwa amekimbia umbali ule chini ya saa 2. Watu wengi walifikiri mwili wa mwanadamu hauwezi. Yeye alisema anataka kuonyesha kwamba mwanadamu hana mipaka. Mimi kama mchungaji ningesahihisha kidogo: mwanadamu ana mipaka, asiye na mipaka ni Mungu peke yake. Lakini mipaka mingi tunayoiogopa hakuiweka Mungu. Tuliichora wenyewe.

Sasa tazameni nyuma ya siku ile. Mwaka 2012 Kipchoge alikosa hata nafasi katika ekipe ya Kenya ya kwenda Olimpiki ya London. Angeweza kusema: nimekwisha. Alibadilisha mbio, akaingia marathoni. Mwaka 2017, huko Monza katika Italia, alijaribu kushuka chini ya saa 2 akakosa kwa sekunde 26 tu. Akarudi kambini. Kambi yake iko Kaptagat, na huko, pamoja na mali yake yote, hufanya kazi za usafi kwa zamu kama wengine. Kila mazoezi anayaandika ndani ya daftari. Na siku ya Vienna hakukimbia peke yake: watu 41 walisaidiana kwa zamu kumkinga upepo na kumshikia mwendo. Ndiyo sababu mbio ile haikuandikwa kama rekodi rasmi ya dunia. Hata anayesema hana mipaka alihitaji watu 41. Wewe unayetaka kukimbia mbio ya wokovu bila kanisa, umesikia?

Na kuna jambo lingine juu ya Wakenya wale. Wanafanya mazoezi kwenye milima, mahali ambapo hewa ni nyepesi. Mwili ukikaa juu vile unajifunza kubeba pumzi vizuri zaidi ndani ya damu. Kwa sababu hiyo wakimbiaji wa Ulaya wanalipa ndege kwenda kukaa Iten, kwenye mita 2400 hivi. Sasa niambieni, Butembo iko wapi? Tuko zaidi ya mita 1700 juu ya bahari. Kijana anayesukuma chukudu kwenye vilima vyetu, mama anayepanda na mzigo wa mihogo mgongoni, binti anayeshuka mtoni na kupanda na bidoni ya maji: wote wanalaani mlima. Mwingine anauza mali yake ili aufikie mlima wa namna hiyo. Sisemi kwamba taabu ni tamu. Ninasema, kabla hujasema Mungu hakukupa kitu, tazama tena kile unachokikanyaga kila siku.

5. Mkimbizi na mkimbiaji

Sasa nifikie neno la kichwa cha somo. Katika Kiswahili chetu, mkimbizi na mkimbiaji ni watoto wa neno moja, kukimbia. Miguu ni ile ile, jasho ni lile lile. Lakini mkimbizi anajua anachokikimbia, na mkimbiaji anajua anakokimbilia.

Binti mmoja alikuja kwetu na jamaa yake. Walitoka kijiji kimoja cha upande wa kaskazini ya Beni, usiku, bila kitu. Sitasema zaidi, maana habari yake ninyi wote mnaijua, ni habari ya nyumba nyingi. Shuleni wenzake walimwita "mkimbizi". Katika mbio za shule alianza mbele ya wote. Kila mtu alishangaa. Lakini kila hatua chache alikuwa anageuza kichwa kutazama nyuma. Akayumba, akapoteza njia yake, wakampita mmoja mmoja, akamaliza wa mwisho. Watoto wakacheka. Mwalimu wa michezo hakucheka. Alifahamu. Binti yule alijifunza kukimbia usiku ule, na usiku ule kutazama nyuma kulikuwa kuokoa maisha.

Mwalimu hakumkemea. Mbio iliyofuata alimwomba mama yake asimame kwenye mwisho, amejifunga kitambaa chekundu kichwani. Akamwambia binti: "Hakuna anayekufuata. Tazama kitambaa cha mama." Akakimbia. Akamaliza wa tatu. Mama yake alilia pale, na si kwa ajili ya namba 3.

Hata mabingwa wameanguka katika jambo hili. Tarehe 7 Agosti 1954, huko Vancouver katika Kanada, walishindana watu wawili tu duniani waliokuwa wamekimbia maili moja chini ya dakika 4: John Landy wa Australia na Roger Bannister wa Uingereza. Landy aliongoza. Karibu na mwisho akageuza kichwa kushoto kumtafuta mwenzake. Wakati ule ule Bannister akampita upande wa kuume. Wametengeneza sanamu yao huko, Landy akiwa ametazama nyuma.

Wandugu wa Beni na wa Butembo, sasa nitasema kwa utaratibu, maana ninagusa kidonda. Tangu Oktoba 2014 tumezika watu wetu. Tumezika baba shambani, mama njiani, watoto kitandani. Mtu asije akatumia somo hili kuwaambia waliofiwa kwamba ndugu zao walikufa kwa sababu ya imani ndogo ao mawazo mabaya. Huo ni uongo na ni ukatili. Panga halikumuuliza mtu anajionaje. Waliouawa waliuawa na wauaji, na Mungu anawajua wauaji hao. Wala sisemi usikimbie. Yusufu alimchukua mtoto Yesu usiku akakimbilia Misri. Mwokozi wetu mwenyewe alikuwa mkimbizi.

Ninachosema ni hiki. Alikuwa mkimbizi, lakini hakukubali jina lile limwambie yeye ni nani. Waebrania 12 inatufundisha kwamba alivumilia msalaba kwa ajili ya furaha iliyowekwa mbele yake, nasi tunaambiwa tumkazie macho yeye tunapopiga mbio. Adui alikuchukulia nyumba. Alikuchukulia shamba. Usimpe na macho yako. Ukijiona panzi, umemmalizia kazi.

Na kutazama mbele si kuficha kidonda. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya mechi na Côte d'Ivoire huko Abidjan, wakati wimbo wa taifa unaimbwa, wachezaji wa Kongo waliziba midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaweka vidole viwili kichwani kama bunduki. Dunia nzima iliona. Walisema bila sauti: kwetu mashariki watu wanakufa, na ninyi mmenyamaza. Kisha wakashusha mikono, wakacheza. Walishindwa 1 kwa 0. Lakini mimi niliyeketi hapa Butembo sikuona aibu. Niliona watu waliobeba kilio chetu mpaka uwanjani, na kilio kile hakikuwazuia kukimbia. Mnaweza kulia na kukimbia. Daudi aliandika zaburi za kilio, na ni Daudi yule yule aliyemkimbilia Goliati.

Mambo matatu kwa wiki hii

Kwanza, kwa wazazi na walimu. Chunguzeni majina mnayowaita watoto. Neno moja la asubuhi linaweza kukaa miaka 40 kama lile la wapelelezi. Na ukiahidi kitu, timiza. Ukishindwa kutimiza, omba msamaha.

Pili, kwa vijana wetu wa michezo, wa shule, na ninyi wamotari. Andika kwenye karatasi neno baya unalojiambia siku ya mechi, siku ya mtihani, ao siku ya kuomba kazi. Uliza: nani aliniambia? Ni Mungu? Kama si Mungu, lichane. Kisha amka saa kumi na mbili ufanye mazoezi.

Tatu, kwa sisi watumishi wa Mungu. Tuangalie maombi yetu. Tukitoka kwenye maombi, watoto wamemwona nani kuwa mkubwa: Yesu ao yai? Mimi nimejibu ulizo hilo kwa aibu. Ninyi jibuni mapema.

Yule kijana aliyeuliza juu ya miguu mizito, sasa nina jibu lingine kwake. Mwanangu, miguu yako si mizito. Umeifunga mzigo ambao Mungu hakukupa. Uweke chini, kisha ukimbie.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, wewe unatuona kama tulivyo, na hukutuumba panzi. Samehe maneno tuliyowatupia watoto wetu. Fariji wote waliokimbia usiku na bado wanatazama nyuma. Wakumbuke wafu wetu, uwape haki wanaolia. Utupe amani Beni, Butembo, Lubero na Kongo yote. Tufundishe kufanya mazoezi kwa bidii, kushindana bila chuki, kushindwa bila kuvunjika, na kushinda bila kiburi. Macho yetu yakukazie wewe mpaka mwisho wa mbio. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Mungu awabariki. Ukikwisha kusoma, mpe jirani karatasi hii.